Mikono ya Minza Kwenye Kioo

Jumanne, 2 Septemba

Geti la Mkuyuni limekwisha. Bawaba tatu badala ya mbili, maana mwenye nyumba ana watoto wanaobembea. Macho yananiwasha.

Somo na Minza baada ya chakula. Leo siku za wiki. Alhamisi na Ijumaa bado nazichanganya. Anasema mikono yangu ina kigugumizi. Vidole vya fundi wa kuchomelea, vimekakamaa kama koleo. Alicheka mpaka akashika tumbo. Nikamwacha acheke.

Ana miaka kumi na minane. Homa ilimwachia uziwi akiwa na miwili. Alipoanza shule, mama yake alijifunza lugha ya alama pamoja naye. Mimi nilisema nina kazi. Miaka yote hiyo nimezungumza na mwanangu kwa kunyoosha kidole: chakula, njoo, funga mlango. Mengine Mama Minza alinitafsiria. Nimeanza kujifunza mwaka jana tu. Naona aibu hata kuandika.

Barua ya chuo imekuja. Dodoma, ufundi umeme. Anaondoka Jumamosi ya tarehe ishirini. Simu yake ya vitufe haitamfaa. Anahitaji ya kuonana kwa video.

Ijumaa, 5 Septemba

Tumekwenda mjini, mimi na Minza, kwenye duka la simu la dada mmoja anaitwa Salma. Alituwekea simu mbili juu ya kabati la kioo. Bei karibu sawa.

Ya kwanza mpya, ya kwenye boksi, aina ya bei nafuu. Chaji siku mbili, waranti mwaka mzima. Ya pili imetumika, imekuja kutoka Dubai. Enzi zake ilikuwa simu ya mabosi. Sasa ina miaka sita na mkwaruzo mgongoni.

Tukazijaribu kwa njia yetu. Minza akaingia ndani kabisa mwa duka, mimi nikatoka barazani na simu yangu. Akanipigia video kwa ile mpya. Mle ndani mwanga ni hafifu. Mikono yake ikawa inavuta mikia. Vidole vimegandana. Alitaja jina lake herufi moja moja, nami M na N sikuzitofautisha.

Akapiga kwa ile ya zamani. Kila kidole peke yake. Mpaka rangi ya kucha niliiona. Nimesimama katikati ya watu wanaopita, nasoma jina la mwanangu. Nilitaka kulia.

Salma akauliza, "Mzee wangu, mbona mnapima kamera kwa kuchezesha mikono?"

Nikamwambia ni kiziwi, ndivyo tunavyoongea.

Akafikiri kidogo. "Basi nikuambie ukweli. Hii ya zamani macho mazuri, tumbo bovu. Betri imechoka. Na kiwandani kwao wameshaacha kuihudumia, siku moja utakuta programu zinaikataa."

Dada mwaminifu. Tulirudi nyumbani Igoma bila kununua.

Jumamosi, 6 Septemba

Mama Minza anataka mpya. Hakuzunguka.

"Mtoto anakwenda mahali hajui mtu. Akipotea hawezi kuuliza njia kwa mdomo, ataandika kwenye simu amwonyeshe mtu. Simu ikizima, na yeye amezimika."

Nikasema tutamnunulia pawabenki. Akasema huko ni kumpa mtoto abebe mgonjwa pamoja na mtungi wake wa oksijeni.

Nikasema kamera nzuri itamsaidia masomo. Atapiga picha michoro ya nyaya. Nilisema hivyo nikitazama pembeni. Minza alikuwa anakunja nguo, anatuangalia midomo.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimenunua ile ya zamani. Nilikwenda peke yangu, sikumwambia mtu. Salma amenipa wiki mbili. Ikisumbua niirudishe na risiti yake.

Hapa niandike ukweli, hakuna anayesoma. Mama Minza anaweza kumsoma Minza hata kwenye ukungu. Minza naye ananielewa hata nikikosea nusu. Asiyeona ni mimi. Mtoto akiwa na kamera mbovu, nitarudi kule kule, kusubiri mke wangu anieleze mwanangu kasema nini. Sitaki. Nimemnunulia Minza simu kwa ajili ya macho yangu.

Mama Minza ameitazama, akasema, "Haya." Akarudi jikoni.

Jumatano, 10 Septemba

Siku nzuri. Minza kanipigia video nikiwa karakana. Kuku wa jirani ameingia jikoni, ameruka juu ya sufuria ya maharage, mama yake amemkimbiza na mwiko hadi barabarani. Nimeelewa yote ila maneno mawili. Nilicheka peke yangu na miwani ya kuchomelea kichwani.

Naipenda simu hii.

Lakini ameichaji mara tatu leo. Mchana inachemka mfukoni. Nimesema labda ni jua.

Jumapili, 14 Septemba

Kanisani, kisha vipimo vya sare. Suruali nzito ya kazi na buti. Minza kajitazama kwenye kioo cha kabati muda mrefu. Amependeza. Anaogopa pia, najua, maana anakula kidogo.

Simu ilizima yenyewe ikiwa inaonyesha asilimia thelathini na tano. Ikawaka. Sikumwambia Mama Minza. Minza aliona. Naye hakusema.

Jumanne, 16 Septemba

Siku mbaya.

Minza alikwenda Mkuyuni peke yake kununua blanketi na tranka la bati. Ilikuwa kama jaribio la safari. Tulikubaliana awe nyumbani saa tisa. Saa tisa hakuna. Saa kumi hakuna. Simu haipatikani. Mama Minza akatoka akasimama barabarani na kanga begani, anatazama upande mmoja tu. Mimi nilikwenda hadi sokoni, nikaulizia msichana mwenye tranka. Hakuna aliyejua. Nilifikiria magari. Yeye hasikii honi.

Saa kumi na moja na nusu amefika kwa miguu. Tranka kichwani, blanketi ndani. Simu ilizima ikiwa na asilimia arobaini. Njia imefungwa, wanachimba mtaro, magari yanapitia kwingine na hakujua wapi. Alimfuata mtu mmoja kumuuliza kwa ishara, akanyoosha mkono, naye akaelewa kinyume. Akatembea.

Mama yake alimkumbatia na tranka lake. Mimi hakunitazama kabisa.

Jumatano, 17 Septemba

Nimemwambia Mama Minza kila kitu. Kwamba michoro ya nyaya ilikuwa kisingizio. Kwamba simu niliichagua kwa ajili ya macho yangu. Nilisema kwa mdomo na kwa mikono, ili Minza naye apate.

Mama Minza akavuta kiti, akakaa. Halafu, "Ningejua ndiyo sababu, nisingekununia. Ningekufundisha."

Minza akagonga meza. Ndivyo anavyoomba nafasi. Akasema taratibu, kwa ajili yangu. Nyinyi wawili mmebishana wiki mbili kuhusu simu yangu. Hakuna aliyeniuliza mimi.

Kweli. Hakuna.

Nikamuuliza. Akasema anataka ile mpya. Tangu siku ya kwanza dukani alitaka ile mpya. Nikamuuliza mbona hukusema. Akasema, nilikuona pale nje ulipolisoma jina langu. Nikashindwa.

Nilitoka nikaenda kupanga vyuma ambavyo vilikuwa vimepangwa.

Alhamisi, 18 Septemba

Salma amepokea simu bila ugomvi. Kaikagua, kampigia simu fundi wake, kasema atabadilisha betri na atamwambia atakayeinunua. Minza amechagua mpya ya bluu. Safari hii alizungumza mwenyewe. Anaandika kwenye kitabu cha risiti, Salma anajibu chini yake. Sijui waliandikiana nini, walicheka mara mbili, nadhani walikuwa wananicheka mimi.

Tulipoondoka Salma akaniuliza asante inasemwaje. Nikamwonyesha: mkono kidevuni, kisha mbele. Mara ya kwanza maishani kumfundisha mtu.

Jumamosi, 20 Septemba

Stendi ya Nyegezi asubuhi sana. Mama Minza amemfungia chapati na samaki mkavu wa kutosha watu sita. Nilimvuta konda pembeni, nikamweleza. Akasema, "Mzee usihofu, nitamshusha mimi mwenyewe, na nitaongea na mwenyeji wake."

Minza alikaa dirishani. Akaanza kusema nasi kupitia kioo cha basi. Watu wakawa wanatazama. Zamani ningeona haya, ningejifanya natafuta kitu mfukoni. Leo nilijibu kwa mikono yote miwili, juu, mbele ya stendi nzima. Nilimwambia soma. Nilimwambia kula. Nilitaka kusema neno kubwa zaidi, alama yake sijui.

Basi limeondoka. Mama Minza alilia, mimi nilibeba pochi yake.

Jioni ujumbe: "Nimefika. Mwalimu kanipokea. Chaji asilimia sitini na nane."

Mama Minza kausoma mara nne. Kanimegea kipande kikubwa cha samaki.

Jumapili, 21 Septemba

Amepiga video jioni. Bwenini, taa moja mbali. Ule ule ukungu wa dukani. Mikono inavuta mikia, picha inaganda, inaruka. Niliona kitanda. Niliona wasichana wawili. Mengine sikuona.

Nikaanza kuitikia kwa kichwa. Ndiyo, ndiyo. Kama nilivyofanya miaka yote.

Akasitisha mikono. Akaniuliza nimeelewa nini. Hilo nililiona vizuri.

Mama Minza akachukua simu, akaongea naye, akanitafsiria: chakula kizuri, godoro gumu, analala chumba kimoja na wasichana wanaosikia na mmoja ameshajua kutaja herufi kwa vidole. Habari njema zote. Nilizipokea kama mgeni.

Nimejiona mjinga. Kwa dakika chache niliitamani ile simu mbovu.

Jumanne, 23 Septemba

Mama Minza ameanza. Amenikalisha sebuleni, kazima taa, kaacha mlango wazi kidogo. Akasema kwa mikono humo humo gizani. Nikamwambia sioni vidole.

"Ndiyo tatizo lako, Baba Minza. Unasoma vidole. Kama mtoto wa darasa la kwanza, herufi moja moja. Tazama uso. Tazama mabega. Akiuliza, nyusi zinapanda. Akikataa, kichwa kinakataa kabla ya mkono. Ukikosa neno, liache lipite, shika linalofuata."

Miaka kumi na zaidi amekaa na elimu hii ndani ya nyumba yangu, nami sikuwahi kumuuliza.

Tulikaa mpaka ugali ukapoa. Nimepata sentensi sita kati ya nyingi. Ya sita ilikuwa kwamba nanuka moshi wa kuchomelea. Kweli nanuka.

Ijumaa, 26 Septemba

Kila siku gizani. Leo nimemsoma Mama Minza hadithi nzima ya mchumba ambaye yeye alimkataa kabla yangu. Sikuwahi kuisikia. Alikuwa mwalimu, na mrefu.

Minza ameandika kwamba atapiga mchana siku za kazi, wakati wa mapumziko. Kuna dirisha kubwa karibu na karakana yao. Kasema atasema polepole na mikono kifuani, isikimbiekimbie. Kafikiria hivyo mwenyewe.

Jumatano, 1 Oktoba

Kazi ufukweni, upande wa Nyegezi. Vizuizi vya chuma kwenye ngazi za kushukia majini, ili wanaonunua samaki wasiteleze. Upepo mzuri. Dagaa wameanikwa hadi miguuni mwetu.

Saa saba Minza kapiga. Mama Minza yuko nyumbani. Nilikuwa peke yangu na simu. Nikaiegemeza kwenye ndoo, nikakaa chini. Kasema kwanza: umekuwa kivuli, geuka. Ziwa lilikuwa nyuma yangu linang'aa. Nikahamia upande wa pili, maji nikayatazama mimi. Kasema sasa nakuona.

Picha ilikuwa ile ile, ya simu ya bei nafuu. Nikaacha vidole, nikashika uso.

Kaniambia hivi. Leo wamefunga soketi na taa kwenye ubao, kila mtu na wake. Wa kwanza umelipua fyuzi. Wa pili haukuwaka. Wake yeye umewaka. Darasa likapiga makofi, na yeye hakujua, kwa sababu alikuwa amewapa mgongo. Yule msichana wa chumbani akamgeuza. Akawaambia wengine kwamba viziwi hawapigi makofi, wanainua mikono juu na kuitikisa. Basi darasa zima likainua mikono. Mwalimu pia, na bisibisi mkononi.

Maneno matatu nilikosa. Nikayaacha yapite.

Nami nikainua mikono yangu, pale kwenye dagaa. Wenzangu wakadhani nimeita mtu.

Nyumbani Mama Minza alikuwa anasonga ugali. Kauliza, "Mtoto kasema nini?"

Nikamweleza tangu fyuzi hadi bisibisi. Aliacha mwiko ndani ya sufuria, akageuka kunisikiliza. Akauliza maswali. Yote niliyajibu.

Kesho tunapaka rangi vile vizuizi, mvua isiponyesha.