Uso Wangu na Mbolea Yao

Jumatatu, 8 Septemba
Nimefagia zizi, nimetoa samadi. Mgongo unauma. Mwalimu Sanga karudi Kichiwa na karatasi aliyochapishiwa kwenye duka la intaneti Makambako. Ni mimi! Nimekumbatia viazi vya msimu uliopita, nacheka kama mjinga. Chini wauza mbolea wameandika kwamba siri yangu ni mbolea yao ya unga. Sijawahi hata kuinusa. Yule kijana wa kamera aliyepita wakati wa mavuno alisema picha ni ya ukumbusho. Mshenzi.

Jumatano, 10 Septemba
Karatasi imezunguka kijiji kizima. Majirani wamenuna, eti niliwaficha. Wao! Tulilima shamba lile la viazi pamoja, kwa zamu, leo kwangu kesho kwako. Samadi waliibeba wao wenyewe, kichwani. Togwa yangu wakanywa wakamaliza. Sasa wanaamini kompyuta kuliko shingo zao. Mama Neema, rafiki yangu tangu darasa la kipaimara, ndiye anayebwata kuliko wote.

Ijumaa, 12 Septemba
Makambako. Duka la mbolea limejaa watu, picha yangu imebandikwa mlangoni. Mwenye duka hakuinuka hata kitini.
"Mama, tangazo liko kwenye intaneti, dunia nzima inaliona. Nilifuteje? Si umependeza?"
Nikaichana ile ya mlangoni. Nikawaambia wateja ukweli: samadi ya ng'ombe, basi. Mmoja akasema tuliofanikiwa tuna roho mbaya. Akanunua mifuko miwili. Tangu soko liwe huria, tapeli anaitwa mfanyabiashara na mimi ndiye mchawi.

Jumapili, 14 Septemba
Kanisani nimekaa benchi zima peke yangu. Wote wamepanda viazi vya bondeni kwa unga ule. Shauri yao.

Alhamisi, 6 Novemba
Viazi vya bondeni vimekuwa njano, vimedumaa. Sasa wanasema dawa halisi ninayo mimi, wao wameuziwa makapi. Hata hapo kosa ni langu! Nimechoka nao.

Jumamosi, 29 Novemba
Zamu yangu ya kupanda. Nilipika togwa ya kutosha watu wote. Hakuja mtu. Nikaanza peke yangu.
Jua lilipopanda akaja Mama Neema na jembe. Hakusalimu. Aliinama kwenye lundo, akachota samadi, akanusa.
"Ndiyo ile ile?"
"Ile ile."
Akajaza debe, akajitwika. Tumepanda mistari michache. Togwa imebaki nyingi.