Aliulizwa Ujauzito, Akajibu Uzito

Berea, Durban
8 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Irene,

Hujambo? Habari za Moshi na baridi yake, na za chuo? Mama kaniambia malaria imekuachia, na sasa unakula mpaka mwenye nyumba analalamika. Nimefurahi. Mimi ni mzima wa mwili, ila nina hasira, na kwa kuwa wewe unasomea kazi hii hii ya mionzi, utanivumilia.

Hospitalini kwetu alikuja mgonjwa anaitwa Larissa, Mkongo, msusi wa kule Albert Park. Lifti ya ghorofa lao imekufa, akateleza ngazini, akaumia kiuno. Daktari akaagiza eksirei ya kiuno na nyonga. Mimi nilikuwa wodini na ile mashine ya eksirei ya kusukuma. Chumbani alikuwapo mwenzangu Sonia, ambaye Kiswahili hajui hata cha kuombea maji. Akamwita Pandu, mlinzi wetu Mzanzibari, aje atafsiri.

Sonia akamwambia amuulize kama ana mimba. Sasa unawajua wanaume wa Unguja na adabu zao. Amtamkie mwanamke asiyemjua neno "mimba"? Thubutu! Akatafuta neno la heshima: "Samahani dada, una ujauzito?" Kwao Larissa hawasemi hivyo. Yeye alisikia uzito, na hospitali gani haiulizi uzito? Akajibu, "Hapana, nilikonda sana." Pandu akageuka akasema ni hapana. Sonia akaenda zake nyuma ya kioo, akabonyeza.

Hakuna aliyemwambia Larissa kwa nini anaulizwa. Tangazo la mlangoni la kuwaonya wenye mimba lipo, tena kubwa, la Kiingereza na Kizulu. Yeye anasoma Kifaransa.

Wiki iliyofuata mteja wa saluni akamtisha kwamba mwenye mimba akipigwa picha ile huzaa mtoto asiye na mikono. Larissa akaja mbio analia. Ana miaka sita ya ndoa na hiyo ndiyo mimba yake ya kwanza, na alikuwa ameshaamua kwenda kuitoa. Unajua Sonia alifanya nini? Badala ya kumkalisha, akamfokea: "Eish, mama, you said no!" Akaingia chumbani akafunga mlango.

Meneja ndiye aliyenimaliza kabisa. Akatukataza kumweleza chochote tusije tukashtakiwa, eti kosa si letu, huenda hata mwenyewe hakujua kama ana mimba. Hebu fikiri, Irene. Mtu anakwenda kumtoa mtoto aliyemngoja miaka yote hiyo, wao wanawaza mawakili!

Sikumtii. Nilimshika Larissa mkono nikampeleka kwa daktari, nikagoma kuondoka mpaka akampigia simu mtaalamu wa vipimo vya mionzi. Wakapiga hesabu. Kiasi kilichomfikia mtoto ni kidogo sana, na daktari akasema haoni sababu ya kuitoa mimba ile kwa ajili ya picha. Nikamweleza hayo polepole, kwa maneno ya kwao, nikamwambia anirudishie alichoelewa, akakosea, nikaeleza tena. Kesho nimeitwa ofisini kwa meneja. Na aniite! Pandu simlaumu, yeye aliajiriwa kulinda geti. Nawalaumu waliosomea, kwa sababu kuuliza ni kazi yetu kama kubonyeza kitufe.

Larissa alipotulia alisema, "Nitabaki nayo." Kisha akaniuliza: kama ningekuwa mimi chumbani siku ile, ningemuuliza namna gani? Nikamwambia ningesema tu, "Uko na mimba?"

"Ningekuambia ndiyo," akasema. "Siku ile nilikuwa nashajua."

Hilo ndilo nitakaloanza nalo kesho ofisini kwa meneja, anayesema huenda hata mwenyewe hakujua.

Nisalimie Mama sana, na Kaka Boniface na wanawe, na shangazi yetu Ernestina niliyerithi jina lake na, wanavyosema nyumbani, ukali wake. Mungu akulinde masomoni, na akupe moyo wa kuuliza mpaka mgonjwa aelewe, hata foleni ikipiga kelele mlangoni.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Ernestina