Brashi Kwenye Kikombe cha Miswaki

Ni mwaka mmoja sasa tangu utuache, Mama, na ile brashi yako ndogo ya kazini bado imesimama kwenye kikombe cha miswaki. Hakuna aliyethubutu kuihamisha.

Kwa miaka kumi na tisa ulipima mishipa ya fahamu ya watu ambao vidonda vyao vya upasuaji vilipona, lakini maumivu yakagoma kuondoka. Uligusa ngozi kwa brashi na pini, daima ukianza upande mzima, ndipo ukaenda upande unaouma. "Mwili wa mgonjwa mwenyewe ndio kipimo," ulisema. Hata sisi tulipojifanya tunaumwa tumbo tusiende shule, hukutuita waongo. "Haya, funga macho, upande mzima kwanza." Kicheko kikatuumbua.

Kisha mjomba, mdogo wako dereva, akapasuliwa ngiri. Kovu lilikauka vizuri, lakini mwaka ukaisha hawezi kufunga mkanda wa suruali. Bosi wake akasema anakwepa kazi. Nasi nyumbani, tuseme kweli, tulicheka. Mimi ninayeandika haya, kitindamimba wako mwenye mdomo, ndiye niliyembandika jina la Mgonjwa wa Jumatatu.

"Dada," alikuambia siku moja mezani, "labda kweli najidanganya."

Uliacha kula. "Kesho njoo kazini kwangu. Na wewe, mwenye mdomo, umlete."

Hukumpima wewe. Ulisema mkono wa dada utapendelea, ukampa mwenzako brashi bila kumwambia huyo ni nani wako. Tukakaa benchi la nje, mlango wazi, ukitafuna kona ya koti lako jeupe. Upande mzima, kila kitu sawa. Upande wa kovu, pini ilipomchoma, mjomba akauliza, "Bado hujaanza tu?" Brashi ilipompitia, laini kama unyoya, alipiga ukelele.

Ulinigeukia. "Umesikia, bwana Jumatatu? Mshipa wa fahamu umeumia. Ingia ukamwambie mjomba wako."

Niliingia, nikamwambia mshipa umeumia, hajidanganyi. Alilia yeye, nikalia mimi, ukatufokea wote wawili kwamba watu wako kwenye foleni.

Daktari alipoona vipimo alimbadilishia dawa. Maumivu hayajaisha, Mama, ila yamepungua. Anaendesha gari nusu siku. Na haombi tena radhi kila anapoketi.

Unakumbukwa na mumeo, aliyesinzia kila ulipofanya mazoezi ya brashi kwenye ngozi yake. Wanao watatu na wajukuu wako. Wenzako wa chumba cha vipimo. Na mdogo wako dereva, ambaye ameomba tangazo hili liseme wazi, kwa herufi zinazosomeka, kwamba wewe ulimwamini kabla ya vipimo.

Daima tutakukumbuka, upande mzima na upande unaouma.