Nyumba Yangu Mgongoni

Alhamisi, 19 Aprili 1951

Hodan amechukua penseli sasa hivi, ameichovya kwenye maziwa, ameilamba. Kisha akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyekosa adabu. Ana meno manne na hasira za watu wazima. Nimemfuta uso, amenipiga kofi. Haya.

Mbuzi nimeshawakama. Maji nimeshateka. Bado situlii.

Kesho tunahama. Adeer Gedi, ndugu wa marehemu baba mkwe wangu, amesema mvua imeshanyesha upande wa Hagadera na majani yanatoka. Hapa karibu na mto tukikaa, mbu watatumaliza. Mawingu yamejaa mashariki, meusi, hayasemi lolote.

Niandike neno la leo kabla halijanichanganya. Tangu mume wangu Abdi arudi kwenye kazi yake ya polisi huko Buna, mimi na Hodan tunalala nyumba ya mama yake. Namwita Eeddo, kama tunavyowaita shangazi. Nyumba yangu ya harusi ilisimama ile wiki ya harusi tu. Ikafunguliwa, fito zikafungwa pamoja, mikeka ikakunjwa, ikawekwa. Huwa napita nikaigusa.

Leo Eeddo amesema, mbele ya wifi yangu Dahabo, "Safari hii utapakia nyumba yako mwenyewe, juu ya yule ngamia mzee. Ikifika, utaisimamisha, ukae ndani yake na mwanao. Isipofika, utakaa kwangu mpaka Abdi arudi."

Abdi hana siku ya kurudi. Buna ni mbali na likizo anapewa mtu mwenye bahati.

Nataka moto wangu. Nataka kumlaza mtoto bila kuambiwa namshika kichwa vibaya. Sijawahi kupakia ngamia peke yangu. Nimekulia Garissa, baba yangu ni mkalimani wa boma la serikali, nyumba yetu ilikuwa ya bati, haikwenda popote. Lakini nitaweza, inshallah. Nimeangalia mara nyingi.

Ijumaa, 20 Aprili

Tumetoka alfajiri. Nimepakia peke yangu. Peke yangu!

Mikeka kwanza mgongoni, fito huku na huku, vibuyu nyuma. Kamba zangu nimezitumia zile za ngozi alizoninunulia baba sokoni. Pana, nyekundu, hazijawahi kutumika. Zile za magome walizonazo wenzangu ni chakavu, zinachoma mikono. Dahabo alipita na mbuzi wake akacheka mpaka akashika mbavu.

"Binti wa boma, huyo ni ngamia au duka la Mhindi?"

Nikamwambia, "Abaayo, dada yangu, lete pesa nikuuzie."

Eeddo alizitazama kamba zangu. Alizitazama sana. Kisha akaenda kwa ngamia wake. Nilidhani amependa.

Tumetembea mchana kutwa. Hodan amepanda juu ya ngamia wa Eeddo, kati ya fito, kama malkia. Miguu inaniuma. Nyumba yangu haikuyumba hata kidogo. Nina furaha na ninaogopa furaha yenyewe. Jioni hii manyunyu kidogo. Harufu ya vumbi lililolowa. Watu wote wanaitikia Alhamdulillahi, mimi nahesabu mafundo yangu kwa vidole.

Jumamosi, 21 Aprili

Penseli imelowa. Naandika hivyo hivyo.

Mvua ilianza tulipokuwa tunapakia. Mvua yenyewe, si manyunyu. Njia ikawa uji. Ngamia hapendi matope, kila hatua anafikiri. Eeddo alikuwa mbele na Adeer. Hodan, niliyekuwa nimembeba mgongoni, alilia kwa baridi, na ngamia wangu alikuwa na ngozi ya kufunikia mzigo, basi nikampandisha kwangu, nikamfunika. Akanyamaza. Nikashukuru akili yangu.

Ngozi ikilowa inalegea. Kila mtu hapa anajua. Kamba ya magome ikilowa inakaza, ndiyo maana wanaipenda na uchakavu wake. Kila mtu anajua isipokuwa mimi.

Mzigo ulianza kuteleza taratibu. Niliona fito zimeinama upande wa kushoto nikasema nitakaza tukisimama. Ngamia akakanyaga shimo. Nyumba yote ikazunguka ikaenda chini ya tumbo lake na yeye akaanza kukimbia.

Hodan alining'inia kwenye fito kwa gauni lake. Dahabo aliacha mbuzi, akakimbia upande wa pili, akamdaka mtoto kama anayedaka kibuyu cha samli. Ngamia aliendelea kuiburuta nyumba mpaka kamba zikaachia zenyewe.

Mtoto mzima. Mkwaruzo shingoni, basi. Analia kwa sababu amevuliwa gauni. Fito mbili zimevunjika. Ngamia amechubuka mgongo, nyama inaonekana. Adeer amesema hatabeba kitu tena safari hii.

Ngamia wa wengine nao wameelemewa. Mikeka iliyolowa ni mizito kama mawe. Adeer akasema tuitundike nyumba yangu juu ya mti, atarudi kuichukua njia zikikauka. Amesema kwa upole. Wote wakamwangalia Eeddo. Eeddo alikuwa amemshika Hodan kifuani, uso wake umekuwa wa majivu.

Najichukia. Siandiki zaidi.

Jumapili, 22 Aprili

Haikutundikwa.

Asubuhi Adeer alikuwa ameshachagua mti. Nikafunga fito zangu kwa kamba ya magome niliyomwomba Dahabo, nikazipandisha mgongoni, nikasimama. Ndefu, zinanipita kichwa, zinagonga visigino. Nikasema naenda nazo. Adeer akacheka kidogo, akaona sicheki.

Dahabo akasema, "Wazimu huu wa boma unaambukiza," akachukua mkeka mmoja kichwani. Mzito mpaka shingo ilizama. Ulikuwa unatiririka maji mgongoni kwake. Mkeka wa pili nikauweka juu ya fito zangu. Wa tatu, ule mkubwa wa juu, tukauacha mtini. Nyumba isiyo na mkeka wa juu. Sijui kama itahesabika. Sikuuliza.

Eeddo akamfunga Hodan mgongoni kwake akatangulia. Mchana kutwa nimetembea nikiangalia kisogo cha mwanangu kinachoruka ruka mbele yangu. Alikuwa akinigeukia na kucheka. Anadhani ni mchezo.

Mvua. Mvua. Bega la kulia limechubuka kama la ngamia. Nilipitwa hata na mbuzi vilema. Tulifika kwenye laga, mto mkavu ambao leo si mkavu, maji mekundu yanapita na matawi. Tukakaa kungoja yapungue. Sikuweza kukaa. Nilikuwa natembea ukingoni na fito mgongoni kama mwehu. Dahabo akaniambia nizitue. Nikamwambia nikizitua sitazipandisha tena.

Maji yalipofika magotini tukavuka. Adeer alinishika mkono. Katikati nilitaka kuziachia ziende na maji. Nilitaka kweli. Ziende, nami nilale. Ng'ambo Eeddo alikuwa amesimama na mtoto, na mtoto alikuwa ananinyooshea mikono.

Tumelala hapa, upande wa pili. Eeddo amekuja kukaa karibu nami. Amepaka samli bega langu bila kuniomba ruhusa. Akasema, "Nilijua zile ngozi zitalegea. Nikasema mzigo uanguke, ajifunze. Sikujua mtoto yuko juu."

Nilikasirika sana. Bado nina hasira. Angesema neno moja tu. Lakini mkono wake uliendelea kupaka bega langu, na samli ilikuwa ya moto.

Jumatatu, 23 Aprili

Tumefika. Mvua imekatika.

Majani yametoka kweli, mafupi, ya kijani isiyo na vumbi. Ngamia wanakula bila kuinua vichwa. Yule mzee pia, na kidonda chake kimepakwa lami.

Nilitua fito zangu nikakaa juu yake. Nikangoja hukumu. Wanawake wote wakaanza kusimamisha nyumba zao, mimi nimekaa. Adeer akauliza, ile ya binti inakuwaje, si imeanguka njiani? Dahabo akafungua mdomo kunitetea. Eeddo hakumngoja.

"Nilisema ifike," akasema. "Sikusema ifike juu ya nini."

Akaendelea kuchimba mashimo yake ya kusimikia fito. Baadaye nikaona mashimo mengine hayakuwa yake. Yalikuwa yangu.

Imesimama. Ndogo, maana fito mbili hazipo. Imeinama upande mmoja kama mtu mwenye jino bovu. Juu nimeweka ngozi na ule mkeka wa Eeddo wa kusalia, amesema ni wa kuazima, amerudia mara kadhaa kwamba ni wa kuazima. Kamba zote ni za magome. Za baba nimemfungia Hodan kibuyu cha kuchezea.

Moto wangu umewaka kwa moshi mwingi. Kuni zimelowa. Macho yananitoka machozi, acha yatoke. Hodan yuko ndani, anagonga fito moja baada ya nyingine, anasikiliza kila moja inasemaje. Bega linauma. Nimetulia. Ni mara ya kwanza wiki hii kuandika nikiwa nimekaa vizuri.

Ndani panatosha watu watatu wakibanana. Mimi na Hodan tutalala upande wa ndani, upande wa mlango nitauacha wazi. Siku Abdi akija ataikuta imesimama, hata kama imeinama, nami nitamwambia, ah, Eeddo anaita huko nje. "Mwenye nyumba, njoo ushike kamba, upepo umeamka." Naja, Eeddo, naja, nimalizie hapa tu kwamba nitamwambia