Bangili ya Merle

Yamba, Jumapili

Dada yangu mpendwa Beryl,

Hujambo, na goti lako linaendeleaje tangu upasuaji? Mimi ni mzima, ila upepo wa bahari unanisumbua masikio. Pokea salamu zangu, wewe na wajukuu wote huko Adelaide.

Hapa kwenye kijiji chetu cha kutunzia wazee kumezuka jambo. Baada ya mzee mmoja kuanguka bafuni, meneja wetu Trent alitaka sote tuvae bangili za usalama, zinazoitaarifu ofisi kila tunapotoka getini, na mahali tulipo. Tulinyoosha mikono sote kukubali, isipokuwa jirani yangu Merle, yule mjane aliyekuwa akiendesha basi la shule. Alisema yeye si ng'ombe wa kufungwa kengele. Trent akamwambia kwa upole kwamba ni kwa faida yake. Merle akamjibu, “Mwanangu, faida yangu naijua tangu hujazaliwa.”

Basi watu wakaanza kumkwepa. Kwenye mchezo wa bingo, meza yake ikabaki tupu. Wakanong'ona kwamba ni mbinafsi, akifa huko nje atatuharibia jina. Mimi, unanijua, kilichonikera ni kimoja tu: huyu mwanamke huenda wapi kila alfajiri?

Jumanne nikamfuata. Akashuka hadi kwenye bwawa la maji ya bahari lililo miambani, akavua gauni, akajitosa. Akaelea chali huku mawimbi yakimrukia, akiimba vibaya kupindukia! Alipotoka, goti lililokwaruzwa na mwamba likichuruzika damu, akaniona.

“Umekuja kunilinda au kunichungulia?”

Nikasema kuchungulia.

“Afadhali,” akacheka. Akaniambia anajua fika kwamba anaweza kufia pale. Lakini akitoka huku ofisi inamtazama, anajiona kama kifurushi kinachosafirishwa.

Hatujamaliza, gari la Trent likafika. Bangili yangu ndiyo iliyomleta. Aliona damu, na siku hiyo hiyo ukaitishwa mkutano: avae, au ahame.

Beryl, niliogopa. Trent si mtu mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu kwa wasiwasi. Hata hivyo nilisimama nikauliza, ikiwa mtu mzima mwenye akili timamu hawezi kuchagua hatari yake mwenyewe, kitu gani kimebaki ndani yake cha kulindwa? Nikaketi. Mikono ikanyooshwa tena kumuunga mkono Trent, wangu ukabaki mapajani. Merle akachagua kuhama.

Sasa keti, maana hili sijamwambia hata binti yangu. Merle amepanga kijumba nyuma ya duka la mikate, chenye vyumba viwili. Cha pili ni changu. Nahamia Alhamisi. Bangili nimeirudisha, na mkono unaniwasha pale ilipokuwa. Usinipigie kunikataza, kwa mara ya kwanza maishani sikuombi ushauri.

Kuogelea bado sijui. Merle anasema tutaanzia kwenye kina kifupi.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na ulitunze hilo goti.

Mdogo wako akupendaye,
Dulcie