Zuhura Aliona Ishirini na Tano

Karibu na Adams, Nairobi
Ijumaa, baada ya masomo

Dada yangu Khadija,

Nakuamkia kwa heshima zote, na kabla hujashika kifua: sisi huku wazima, tunakula, tunalala, na mwanao hana homa wala kikohozi. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, ukiona mwandiko wangu utadhani kuna msiba. Hakuna. Mgongo wako je? Na macho ya mama? Mwambie aivae ile miwani, asiifungie kabatini kama vyombo vya wageni.

Utauliza barua ya nini na simu ipo. Dada, wewe simu huongei, huitangaza. Unaiweka spika juu ya meza ya mahamri na kila mteja anachangia. Na mimi chumba changu ni kimoja, Zuhura yuko pale pale nikizungumza. Juzi ulipouliza mbona sauti ya mtoto imepungua, nikakujibu ni uchovu wa mitihani. Nilikudanganya. Roho imenisuta tangu hapo, ndiyo maana nimejifungia maabara, wenzangu wameshaondoka, naandika. Jirani yangu Bi Swaleha anashuka Mombasa kesho, atakuletea mwenyewe mkononi.

Unakumbuka mwaka jana ulipomleta? Ulinishika mkono pale stesheni ukaniambia, "Shuleni kwao mwalimu wa kemia hakuna. Huyu anataka ufamasia. Nakuachia." Nikasema tulia, umemwacha mikononi mwa damu yake. Nilisema kwa kifua kweli kweli. Sasa hebu nikueleze nilichomfanyia.

Kwanza uelewe kazi yetu ilivyo. Kidato cha nne wana mtihani wa kemia wa vitendo. Mtoto anavuta dawa kwa pipeti, kijibomba cha kioo kinachopima kiasi kimoja tu, anaitia kwenye chupa, inakuwa na rangi ya waridi. Kisha anaidondoshea asidi kutoka kwenye bureti, bomba refu lenye mistari, tone kwa tone mpaka rangi ipotee. Anasoma mistari, anaandika asidi iliyotumika. Jibu sahihi linajulikanaje? Mwalimu wa somo hufanya jaribio lile lile kwa dawa zile zile, na namba aliyoipata yeye ndiyo kipimo. Ukiikaribia namba ya mwalimu umepata alama. Ukiwa mbali nayo, pole yako.

Basi watoto wa watu si wajinga, wanaitafuta namba ya mwalimu kuliko wanavyoitafuta kemia. Na sisi, Mungu atusamehe, kwenye mazoezi tunawapa. Hatusemi wazi. Mtu unapita katikati ya meza ukikohoa, unasema kama unayejisemea, "Mimi wala sikuenda mbali na ishirini." Nimefanya hivyo tangu nianze kufundisha, nikiamini nawasaidia wajiamini. Wazazi wananisifu, mwalimu mkuu ananisifu, nami kichwa kimenivimba.

Mwezi uliopita tukafanya mtihani wa majaribio. Mimi nilipata ishirini. Nikapita, nikakohoa kikohozi changu. Kukusanya karatasi, darasa zima limeandika ishirini, huyu kapunguza nukta, yule kaongeza nukta. Nikajiambia, Rehema, umefundisha! Nikafika kwenye karatasi ya Zuhura. Ishirini na tano.

Wiki ile ile mwalimu Wafula wa fizikia alikuwa amenitania tukinywa chai: "Madam, yule wako si A ni yake tu? Analala na majibu chini ya mto!" Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini neno liliniingia. Nikaapa hakuna atakayesema nampendelea mtoto wa dada yangu. Basi nilipoiona ile ishirini na tano sikuudhika, dada, na hili ndilo linaloniaibisha zaidi. Nilifurahi. Nilipata pa kuonyeshea kwamba simpendelei.

Nikamsimamisha mbele ya wenzake. "Zuhura, darasa zima wameona ishirini. Wewe macho yako yameingia chumvi ya Mombasa?" Wakaangua kicheko. Akasema polepole, "Mwalimu, nilirudia mara tatu." Nikamwambia, basi umekosea mara tatu. Nikampa sifuri pale pale, na habari ikafika chumba cha walimu kama nilivyotaka. Jioni tukatembea hadi nyumbani, yeye hatua mbili nyuma yangu. Nikajiambia atazoea, ndiyo shule.

Siku chache baadaye naosha vyombo vya maabara, nikaishika pipeti yangu kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa ndogo. Ya mililita ishirini. Wanafunzi nilikuwa nimewapa za ishirini na tano. Zote zina tumbo lile lile, na maandishi yamefifia kwa kuoshwa, nami siku ile nilikuwa na haraka, nikachomoa ya kwanza niliyoikuta kwenye droo. Toba! Niliketi juu ya kile kigoda cha maabara.

Umeelewa, dada? Dawa yangu ilikuwa kidogo kuliko yao, kwa hiyo ishirini ilikuwa yangu mimi peke yangu. Wao wote, kila mmoja, bureti zao zilisoma ishirini na tano. Waliiona kwa macho yao wakaandika ishirini. Mtoto mmoja tu aliandika alichokiona, na huyo ndiye niliyemfanya kichekesho.

Sikutaka kunyamaza, hilo nihesabie. Jumatatu nilisimama darasani nikaeleza yote, pipeti nikawaonyesha. Kijana anayeitwa Njoroge, mdomo wake hauna breki, akasema, "Madam, si sisi wote tulikuwa tumepata hiyo ya Zuhu. Lakini wewe ushasema yako ni ishirini. Sasa tungefanyaje?" Hakuna aliyecheka. Nikamwomba Zuhura radhi kwa jina lake, nikamrudishia alama zake. Akajibu, "Asante, mwalimu," macho yako mezani.

Usiku wake nikapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, kujipendekeza tu. Akala kidogo, akaweka kijiko. "Mama mdogo, nikuulize?"

"Uliza, mwanangu."

"Kama pipeti yako ingekuwa sawa, na mimi ndiye niliyekosea kweli, ungenisema vile mbele za watu?"

Nilifungua mdomo niseme hapana. Haikutoka, dada. Ningemsema. Kwa kosa la pipeti ningeomba radhi hata mara mia, lakini alichouliza si pipeti. Jumamosi huwa naenda mtaa wa Loresho kumfundisha binti wa watu, naye hukosea jambo lile lile tangu tuanze hadi chai iletwe, nami nambembeleza, "Jaribu tena, mpenzi." Mtoto wa mgeni nampa upole, wako nikamfanya ngao yangu. Akanyanyua vyombo akaenda kuosha.

Jana tulibaki wawili hapa maabara afanye zoezi la mwisho. Mkono wake mzuri, wallahi, umetulia kuliko wangu. Rangi ilipotea kwa tone moja, safi kabisa. Nikamwambia asome. Akainama, nikaona midomo yake inaitaja namba. Kisha penseli ikasimama. Akanyanyua kichwa akanitazama usoni.

"Wewe umepata ngapi?"

"Sijafanya bado. Namba yangu haipo."

Akazidi kunitazama, anachungulia usoni mwangu kama nimeificha humo. Bureti iko mbele yake, mistari yote inaonekana, yeye anasoma uso wangu. Nikasema, "Andika ulichokiona, Zuhura." Akaandika mara moja, kwa utiifu. Nilipofanya la kwangu nikakuta alikuwa sahihi kabisa. Lakini aliandika kwa sababu nimemwamuru. Angekuwa yule wa mwezi uliopita asingeningoja. Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji.

Hapo ndipo nimekwama. Mimi nikimwambia ajiamini, hiyo nayo inakuwa namba nyingine ya mwalimu. Kwa hiyo nakuomba, dada, mpigie usiku, na safari hii zima spika. Usimwambie anisamehe, hilo ni lake na halina haraka. Muulize tu siku ile alifanya nini, mwache akusimulie hatua kwa hatua mwenyewe, ukae kimya usikilize mpaka afike kwenye ishirini na tano. Na mimi ukitaka kunitukana, nitukane, nimekaa tayari.

Mama mbusie mikono yote miwili. Shemeji Athmani mwambie kofia aliyomshonea mtoto wa jirani imefika na imemkaa. Shangazi Mwanakombo, yeye anayecheka kabla hadithi haijaisha, msalimie lakini hii usimsimulie. Na yule mdogo wake Zuhura, Abdalla, mwambie dada yake anamuuliza kila siku.

Mtihani wenyewe ni Jumatano ijayo. Mimi nitaandaa dawa asubuhi, nitaangalia kila pipeti kwenye mwanga, kisha nitatolewa, maana mwalimu wa somo haruhusiwi kukaa ndani watahiniwa wakifanya. Miaka yote nimelalamika kuhusu amri hiyo. Safari hii nilipoikumbuka nilimshukuru Mungu, Zuhura atanyanyua kichwa na sura yangu haitakuwepo. Kisha nikaona ninachoshukuru ni nini, mimi uliyeniachia mtoto.

Mdogo wako ambaye bado anakuhitaji,
Rehema