Makopo ya Kukhu Dorcas Yaliyookoa Nasirima

Mwaka mzima umekatika, Kukhu Dorcas, bibi yetu, tangu utuage, na leo sisi wa nyumbani kwako Nasirima tunakuandikia tangazo hili la kumbukumbu. Kalamu amepewa mjukuu wako Geoffrey, kwa kuwa amemaliza sekondari na mwandiko wake unasomeka, na zaidi ya yote kwa kuwa ndiye aliyekaa nawe nyuma ya kichuguu siku wavamizi walipotaka kukichukua kijiji chetu. Yeye ndiye aliyevuta kamba. Mkono haukumtetemeka hata kidogo. Eneo zima la Bulumbi linajua.

Lakini tuanze na wewe, maana siku ni yako.

Tunaukumbuka uji wako wa mtama, mzito hata kijiko kinasimama chenyewe. Tunakumbuka ulivyoimba sauti ya pili kanisani, hata pale kwaya nzima ilipokuwa bado inatafuta ya kwanza. Mwenye njaa hukumfukuza kamwe. Ulimlisha kwanza, ukamsema baadaye. Yule muuza samaki wa Majanji alijua kwamba mlangoni kwako atapata chai ya moto, na ataambiwa pia kwamba baiskeli yake inanuka kuliko samaki.

Na tunaukumbuka mpunga. Ukianza kukomaa tu, ulihamia bondeni. Alfajiri uko juu ya ulingo, magharibi bado uko juu ya ulingo, unaamia mpunga, unafukuza ndege. Ulikusanya makopo ya maziwa, ya rangi, ya samli, ukatia mawe matatu katika kila moja, ukayafunga kwenye kamba ndefu zilizozunguka shamba lote. Ncha za kamba zote zilikuja miguuni pako. Ukivuta ya kushoto, makopo yanalia kule mbali kabisa kushoto, na kweleakwelea wanaruka kama vumbi. Wewe umekaa tu, unatafuna muhogo.

Ndipo ikaja Agosti ile, mwaka mmoja kabla hujatuacha. Watu wenye bunduki na wasio na bendera walitua Majanji, kule ziwani, kwa boti, wakaingia nchi kavu, wakawa wanachukua kijiji baada ya kijiji. Nasirima waliitaka kwa ajili ya daraja letu dogo la kijito cha mpakani. Mwenye kulishika, njia ya Kenya ni yake na ya Tororo ni yake. Askari wetu walikuwa ishirini tu, chini ya Sajini Egau, mtu wa Tororo, na walikuwa wamejichimbia pale shule ya msingi. Wenzao walikuwa njiani. Kazi ya hao ishirini ilikuwa kushikilia kijiji mpaka saa sita mchana.

Watu walivuka kijito kwenda upande wa Kenya, magodoro kichwani. Wewe ukakataa. Binti yako Ritah alikuvuta mkono mpaka kitenge kikafunguka.

"Mama, twende! Mpunga tutapanda mwingine."

"Mpunga sawa. Na Oundo wangu je?"

Mzee Oundo, mumeo, amelala kaburini nyuma ya nyumba. Upande wake wa kushoto ulikuwa umejiwekea nafasi, ukiipalilia kila Jumamosi, na hukuruhusu hata mbuzi afungwe hapo.

"Hawa wakishachukua hapa, na mimi nikifia huko, nani atawaruhusu ninyi kunirudisha?" ulimwambia. "Mtanizika kwa watu. Mimi nalala kando ya Oundo. Niache."

Ritah alivuka na watoto wadogo, analia. Wajukuu wako wawili, Shallon na Geoffrey, walibaki, maana lazima awepo mtu wa kukuchemshia chai.

Asubuhi hiyo wavamizi walikuwa wamejificha kwenye mafunjo ng'ambo ya mpunga, kimya kabisa. Sajini Egau alikuja mbio, ameinama, akakukuta juu ya ulingo.

"Mama, shuka haraka! Hawa watu iko hapo kwa mafunjo na sisi hatuoni wao!"

"Nashuka nakwenda wapi? Nani anaamia mpunga?"

"Mama, hawa si ndege!"

"Tofauti yao nini? Wote wanakuja kula kitu ambacho hawakupanda."

Hata hivyo ulishuka. Ulijikalisha nyuma ya kichuguu kikubwa, kamba zako zote mkononi. Kisha kamba ya kushoto ikavutwa, na hapo, Kukhu, Geoffrey anaomba wasomaji wamfikirie kifua mbele na meno yameuma ncha ya shati.

Makopo yalilia mwisho wa shamba. Wavamizi wakadhani ni askari wanatambaa ndani ya mpunga. Walilimiminia risasi kopo la samli mpaka likawa chujio la chai. Sajini Egau akaona moshi unapotokea, na bunduki zetu zikajibu papo hapo.

"Mama! Rudia hiyo!"

"Ya kushoto au ya kulia?"

"Ya kulia! Alafu ile ya katikati!"

Kwa saa tatu uliwachezesha kama ndege. Kila walipohamia, kopo liliwasalimu, na kila walipolijibu, askari wetu walijua walipo. Saa tano na nusu tukasikia magari ya wenzao kutoka Tororo. Wavamizi wakatoka kwenye mafunjo mikono juu, wengine wameacha viatu kwenye tope. Mmoja aliuliza tulikuwa na askari wangapi mle shambani. Sajini akamwonyesha wewe. Ulikuwa umerudi kwenye muhogo wako.

Askari wetu wawili walijeruhiwa na wote wakapona. Kijiji kilipoteza jogoo mmoja, na makopo ambayo hukuacha kuyalilia. Jioni watu walirudi kutoka Kenya wakiimba, magodoro bado kichwani, wakakubeba juu juu kuzunguka shule. Ulipiga kelele wakushushe kwa kuwa chai inaungua. Wavamizi hawakuwahi kulikanyaga daraja letu.

Tangu siku hiyo ulimwita Geoffrey "askari wangu". Watu walipouliza alikuwa wapi, ulisema, "Alikuwa na mimi," ukabadilisha habari.

Mwaka jana ulikunywa chai yako, ukalalamikia sukari, ukalala, na hukuamka. Tulikuweka kushoto kwa Mzee Oundo, pale pale. Hakuna mtu tuliyemwomba ruhusa. Huo ndio ushindi wako, Kukhu, na tunaujivunia kuliko bendera yoyote. Lile kopo la samli tumeliweka juu ya kaburi liwe la maua. Maji yanavuja, tunaziba matundu kwa sabuni, yanavuja tena.

Hapo ndipo tangazo hili lilipokuwa limeishia. Jana, baada ya sala, lilisomwa uani mbele ya wote. Sajini Egau alikuwa amekuja kutoka Tororo na sukari kilo mbili. Aya ya kwanza haijaisha, akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Geoffrey ndiyo nani?"

Akaonyeshwa.

"Huyu? Huyu si ndiyo ile mimi natoa kwa kihenge?"

Akasimama.

"Nyuma ya kichuguu ilikuwa mama na huyu dada," alisema, akimwonyesha Shallon. "Mama navuta kushoto, dada navuta kulia. Vita imeisha, mimi nakagua nyumba, nafunua kihenge cha mtama, naona miguu. Nasema, toka! Sauti nasema, 'Afande, mimi mtama tu.'"

Ritah alicheka mpaka akakaa chini. Geoffrey akamgeukia Shallon.

"Na wewe ulijua muda wote?"

"Kukhu ndiye aliyekuingiza, akakufunika na ungo," Shallon alisema. "Aliniambia ninyamaze. Alisema ukichekwa sana utahamia mjini, na wewe ndiye unayejua chai yake."

Mjukuu wako alitazama nyuma ya nyumba, kushoto kwa Mzee Oundo, labda upate neno moja la kumtetea. Hukusema kitu. Basi akaomba karatasi aandike upya.

"Wapi!" Ritah akasema, anafuta machozi. "Acha uongo wako hapo hapo, halafu chini yake andika kihenge. Mama atacheka."

Ameandika.

Wanaokukumbuka ni binti yako Ritah, mjukuu wako Shallon aliyevuta kamba ya kulia, Sajini Egau ambaye sasa ni wa nyumbani, Nasirima nzima pande zote mbili za kijito, na mjukuu wako Geoffrey, mtama.

Hutasahaulika kwetu daima, Kukhu.